Bibi Harusi Kapakwa Nini?

Kamati za harusi za Dar es Salaam zina mambo zinayoyaamini bila kuyajadili. Ukumbi uwe na maegesho. MC awe mchekeshaji lakini asiwe mlevi. Pilau iwahi. Na mekapu ya bibi harusi iwe orijino. Hilo la mwisho halijawahi kupata mjumbe wa kulipinga, kwa sababu hakuna mwenye uhakika na maana yake. Mtu akisimama akasema, "Mpambaji awe anatumia MAC," kikao kizima huitikia kwa vichwa, hata wazee wanaodhani MAC ndilo jina la mpambaji mwenyewe.

Katika ukoo wetu mimi nimekabidhiwa, bila kuomba, idara ya bibi harusi. Wengine wana vinywaji, wengine usafiri, mimi nina uso. Dada zangu wamezaa mabinti kwa wingi, binamu zangu hawakubaki nyuma, na kila binti akishatolewa mahari simu yangu inalia: "Mama mdogo, shikamoo. Nani atanipamba?" Sijamaliza kuitikia marahaba, swali la pili limeshafika: "Na anatumia nini?"

Hilo la pili ndilo lililotuharibia albamu.

Chukua sendofu ya binti wa dada yangu mkubwa. Mpambaji alikuja na sanduku la magurudumu linalofunguka ngazi kwa ngazi, pamoja na msaidizi wa kulikokota. Kabla hajamgusa mwali alipanga vipodozi mezani kwa mstari, majina yakitazama mlangoni, ili anayeingia asome kwanza ndipo asalimie. Tukasoma. Shangazi yetu, ambaye ndiye mkaguzi mkuu wa kila kitu kinachoingia katika ukoo, wakiwemo wakwe, alivaa miwani, akapita mstari mzima akinyanyua chupa moja baada ya nyingine, kisha akatugeukia na kutoa hukumu: "Hapa hela imeonekana."

Binti alipendeza, nisiseme uongo. Chumba kilikuwa na taa kali, kioo kikubwa na mashosti wanaopiga vigelegele kila brashi ikinyanyuliwa. Katika mazingira hayo hata mimi ningependeza. Balaa lilianza ukumbini, mpiga picha alipofyatua fleshi. Kwenye skrini ya kamera ikatokea sura nyeupe pe, inatabasamu, imekaa juu ya shingo ya maji ya kunde. Mpiga picha akadhani ni kamera. Akabonyeza hiki, akazungusha kile, akapiga tena. Sura ikazidi kung'aa. Uso ulikuwa umeshapata viza na kuondoka. Shingo, mabega na mikono vilikuwa bado kwenye foleni ubalozini.

Lile jambo lina maelezo, na hayahusiani na husuda iliyotajwa na bibi mmoja wa upande wetu. Poda nyingi za kulainisha uso kwa ajili ya kamera hutengenezwa kwa silika, unga laini mno ambao machoni hauonekani. Faundesheni na krimu zenye kinga ya jua nazo mara nyingi huwa na zinki oksidi au titani dioksidi, madini meupe yanayotawanya mwanga. Kwenye taa za kawaida mambo ni shwari. Fleshi ikipiga, uso unaurudisha mwanga wote kwenye kamera kabla hata haujasalimiana na ngozi. Jicho la shangazi halina fleshi, kwa hiyo halikuona kitu. Mpambaji anayejua kazi yake huipaka poda ile kwa kuibania, huipangusa, kisha hupiga picha ya simu yenye fleshi kabla mwali hajatoka chumbani. Wetu naye alipiga picha, tena nyingi, ila alipiga za chupa.

Siku ya kuvunja kamati, ajenda ya uso ilichukua muda mrefu kuliko mapato na matumizi. Azimio likapita kwamba vile vipodozi vilikuwa feki. Mjomba anayeuza spea za magari Kariakoo akateuliwa kuchunguza, kwa hoja kwamba mtu anayeweza kutofautisha bearing ya Japani na ya kuigiza hawezi kushindwa na lipstiki. Alimtembelea yule mpambaji, akakagua maboksi, namba za chini ya chupa, herufi na vifuniko, akarudi mnyonge: zote orijino. Kikao kikanyamaza kidogo. Kisha shangazi akasema basi zilikuwa orijino zilizokwisha muda, na watu wakashusha pumzi. Ilikuwa rahisi kwao kuamini kwamba nchi nzima ya Ufaransa imetuhujumu kuliko kuamini kwamba dada mmoja mwenye sanduku zuri hajui kushika brashi.

Siwalaumu sana. Chupa ina maandishi, mkono hauna. Ukitoa laki kadhaa unataka kitu cha kusoma.

Tena uchu wetu wa majina una historia yake. Mama yangu aliolewa miaka ya 70, wakati poda zilizofika madukani zilikuwa za rangi za watu wengine. Akapakwa iliyokuwepo. Akawa wa kijivu, rangi ambayo ukoo wetu haujawahi kuwa nayo, na kilichomwokoa ni kwamba picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kijivu chake kikajificha kati ya vijivu vya wageni waalikwa. Ndiyo maana mwaka 1994 Iman, mwanamitindo Msomali, alipoanzisha vipodozi vyake kwa ajili ya ngozi zenye rangi, na Rihanna alipoingia sokoni na Fenty Beauty Septemba 2017 akiwa na rangi 40 za faundesheni kwa mkupuo mmoja, watu walishangilia, na makampuni mengine yakakimbilia kurefusha orodha zao. Kushangilia kulikuwa halali. Ila sisi tulivuka mpaka: tukadhani kwa kuwa rangi yetu sasa imo ndani ya chupa, chupa itaitafuta yenyewe usoni.

Haitafuti. Uso wa maji ya kunde si ubao uliopakwa rangi moja. Paji huwa limeiva zaidi, mashavu yana wekundu au manjano yake, pembe za mdomo zina kivuli, na chini ya macho pana habari za vikao vya kamati. Mpake mtu huyo rangi moja, hata ya Fenty, na umempa kifuniko. Mwenye mkono atachanganya mbili au tatu, ataacha giza pale linapostahili, na ukimtazama binti utasema ana ngozi nzuri. Hutasema ana faundesheni nzuri. Na kuna faundesheni ambazo zikishakutana na mafuta ya ngozi na hewa hugeuka rangi baada ya muda, kwa hiyo anayechagua kwa haraka humwandaa bibi harusi wa saa nane kumbe sherehe ni ya saa mbili usiku.

Hiyo MAC tunayoiapia nayo ilizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1984, na waanzilishi wake walikuwa Frank Toskan, mpambaji na mpiga picha, na Frank Angelo, mwenye saluni. Vipodozi vya wakati huo vilikuwa vinawaangusha mbele ya kamera, wakaamua kutengeneza vyao na kuwauzia watu wa kazi. Yaani kwanza palikuwa na mkono uliokasirika, jina likaja baadaye. Nimewahi kuieleza kamati habari hii. Mjumbe mmoja aliandika kwenye daftari: "MAC – thibitisha kama ni ya Toronto."

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, angetucheka. Zama zake mwali aliwekwa ndani, akasingwa kwa singo na liwa, akapakwa hina, akafukizwa udi hadi nguo zikalewa. Liwa haikuja na boksi lenye sumaku. Ulisagwa msandali, ukachanganywa na mawaridi, na aliyeijua kazi hiyo alikuwa somo, mwanamke mzima mwenye maneno makali na vidole laini. Watu wakimwona mwali ametoka anang'aa waliuliza: kasingwa na nani? Na jina la somo huyo lingesafiri hadi Tanga mjini kabla ya harusi kwisha. Siku hizi mwali akitoka tunauliza kapakwa nini.

Nina binamu aliyeamua kukata mzizi wa fitina kwa kununua mwenyewe. Mchumba wake alikuwa akisafiri Dubai kibiashara, akatumiwa orodha, akarudi na begi zima: praima ya huku, faundesheni ya kule, sprei ya kwingine, kila moja ikiwa bora kuliko zote kwa mujibu wa dada fulani wa YouTube. Mpambaji akapewa begi na amri: tumia hivi, usichanganye na vyako. Masikini alijaribu kusema. Praima ilikuwa ya silikoni, faundesheni ilikuwa ya maji, na vitu hivyo viwili vikikutana kwenye ngozi aghalabu havishikani: cha juu huteleza, hukatika, hujikunja vidonge vidogo vidogo. Akaambiwa apake. Kufikia kwenye picha za ufukweni, kidevu cha binamu kilikuwa kinamomonyoka na kuacha punje za hudhurungi kwenye kifua cha gauni jeupe, na wapambe wawili wakageuka kuwa wafagizi. Kila kitu usoni pale kilikuwa cha bei mbaya. Hakuna aliyeviuliza kama vinaelewana, jambo la ajabu katika familia iliyochukua mwaka mzima kuchunguza kama wakwe wanaelewana.

Halafu kuna Desemba. Sijui nani alitoa amri kwamba Wabongo waoe Desemba, mwezi ambao jiji lina joto na unyevu wa kuchemshia mhogo bila moto. Katika harusi moja ya mwezi huo umeme ulikatika bibi harusi akiwa nusu, jicho la kulia limekamilika, la kushoto linasubiri. Feni ikasimama. Mpambaji, kwa haraka, akapaka gundi ya kope na kubandika hapo hapo. Kope zenyewe zilikuwa za kifahari. Shida ni kwamba gundi ile haibandikwi ikiwa mbichi; husubiriwa kidogo ianze kunata, na kigubiko cha jicho hukaushwa jasho na mafuta kwanza. Kusubiri hakuandikwi kwenye boksi kwa herufi za dhahabu.

Kanisani, bwana harusi akaanza kiapo vizuri. Alipofika katikati akanyamaza. Padri akamkumbusha maneno. Akanyamaza tu, macho yameganda usoni kwa mke wake mtarajiwa. Upande wetu wa kanisa ukaanza kunong'ona. Baba mkubwa akasogeza fimbo yake na kuanza kunyanyuka, maana tulikuwa tumeshakula hela za michango ya watu. Kumbe kijana alikuwa anaitazama kope ya kushoto ikishuka polepole shavuni, miguu yote ikihesabika. Mpambe wa bibi harusi, aliyekuwa karibu zaidi, aliona mdudu. Akampiga mwenzake kibao cha upendo ambacho kipaza sauti cha padri kilikipokea chote. Kiapo kikaendelea. Ndoa iko imara mpaka leo, ila kwenye video bwana harusi anaonekana kama mtu aliyelazimishwa kwa kipigo, na kipigo chenyewe kimempata mwingine.

Msije mkanielewa kwamba kilichomo kwenye chupa hakina maana. Kina. Kuna vitu vya mtaani vinavyouzwa kwa jina kubwa na bei ya karanga, na hivyo sitamruhusu mtu amkaribie navyo binti yangu. Gundi mbovu huvimbisha jicho. Wanja wa kuchangia macho ya kumbi tatu kwa wiki hugawa maradhi kwa usawa. Kuhusu krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, zimepigwa marufuku nchini na bado zina wateja. Mpwa wangu mmoja alifanyiwa majaribio ya mekapu akiwa na rangi yake. Miezi miwili baadaye akaja siku ya harusi akiwa na rangi nyingine mashavuni, ya tatu kwenye viungo vya vidole, na ngozi nyembamba inayowashwa na kila kitu. Mpambaji alimtazama, akafunga sanduku, akalifungua tena, akaomba maji ya kunywa. Siku hiyo niliona ustadi ukifika ukingoni. Hakuna brashi ya kumrudisha mtu alikotoka.

Lakini katika hesabu yangu, na mimi ndiye waziri wa idara, mkono mzuri wenye vifaa vya wastani umeshinda mara nyingi kuliko sanduku la kifahari lenye mkono wa kubahatisha. Na aliyenithibitishia ni dada mmoja wa Temeke, ambaye karibu afukuzwe kabla hajaanza.

Alikuja kwa bodaboda na mkoba wa kawaida. Akanawa mikono, na hilo peke yake lilimshangaza shangazi. Akafungua kisanduku chembamba mfano wa kile cha rangi za maji za watoto wa shule, chenye vijumba vidogo vilivyojaa faundesheni na konsila za kila aina ya udongo. Havikuwa na jina hata moja. Wapambaji wengi wa kazi hufanya hivyo: huvihamisha vipodozi kutoka kwenye chupa zake ili mzigo upungue na kuchanganya kuwe rahisi. Shangazi hakulijua hilo. Akavaa miwani, akainama, akageuza kisanduku chini juu akitafuta maandishi, akakosa hata nchi.

"Mwanangu, hii ni ya kampuni gani?"

"Ipi, shangazi? Ya kwenye paji au ya kidevuni?"

Nikaitwa pembeni. Shangazi akaniambia kwa sauti ya chini inayosikika nyumba ya tatu kwamba mwanamke yule anataka kumpaka mtoto rangi za kienyeji. Kilichommaliza kabisa ni pale mkobani lilipotoka kopo la mafuta ya mgando, lile lile la kupaka watoto wakienda shule, na likawekwa mezani bila aibu. "Laki tatu," shangazi alisema, "kwa mafuta ya mgando!" Dada yule alipaka kidogo mdomoni mwa mwali kwanza, midomo ilainike kabla ya lipstiki. Ni kazi inayofanywa na vitu vya bei mara kumi.

Kabla ya hapo, siku ya majaribio, dada yule alikuwa ameuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Kanisa lina madirisha makubwa au taa? Ukumbini taa za zambarau zitawashwa saa ngapi? Bibi harusi huwa analia, au anajikaza? Nani atamlaza kichwa begani? Alimtoa binti nje mlangoni kwenye jua, akamtazama, akamrudisha ndani, akapunguza. Akampiga picha ya fleshi kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Akafuta upande mmoja, akaanza upya. Muda mrefu aliutumia kwenye ngozi, na macho akayamaliza upesi kama mtu anayetia saini.

Siku ya harusi binti alilia tangu nyumbani hadi kanisani, akalazwa kichwa begani na mama yake, na shangazi zake wa Moshi, na mama mkwe, na mjomba wa spea ambaye naye alilia. Akacheza hadi saa sita usiku. Picha zilipokuja, uso na shingo vilikuwa vya mtu mmoja.

Wageni wakaanza kumfuata shangazi pale meza kuu. Kapakwa nini huyu mtoto? Nilisogea nisikie atakavyojibu, maana yeye ndiye aliyekuwa akitaka kumrudisha dada wa watu kwa bodaboda ile ile. Shangazi alipangusa mdomo kwa leso, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Ni ya Ufaransa. Bado haijaingia nchini."

Wiki iliyofuata simu ya dada wa Temeke haikupumzika. Watu walikuwa wanaitaka ile ya Ufaransa. Aliniuliza mimi ni ipi hiyo. Nikamwambia asikatae wala asikubali, apandishe bei. Amepandisha. Siku hizi kando ya kile kisanduku chake huweka boksi jeusi lenye herufi za dhahabu, tupu, ili mashangazi wapate cha kusoma yeye akifanya kazi. Na kwenye bajeti ya harusi inayofuata, mbele ya kifungu cha mekapu, katibu ameandika "ya Ufaransa" kwa kalamu nyekundu, na mweka hazina amesimama kuuliza kama Kariakoo haipatikani kwa bei ya jumla.